Kamba ya Uhai Haifungi Ng'ombe

Hebu jiweke katika boma moja kule Lugulu, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kuelekea Kitale. Ni mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, msimu ambao Wabukusu huwatia vijana wao jandoni. Umewasili jana kutoka Nairobi na watoto wako. Wageni wamejaa uani, sufuria kubwa ziko motoni, na kukhu, yaani nyanya, hataki kusikia kwamba maji yamekwisha. Kisima kiko nyuma ya jikoni. Kilichimbwa kwa mkono miaka mingi iliyopita, nacho hakijawahi kukauka.

Mara unasikia kishindo na kelele. Kamba imekatika na ndoo imezama.

"Mjomba, ndoo imeanguka," mpwa wako anakuambia, huku akivua viatu. "Wacha nishuke niitoe. Si mbali."

Kabla hujamjibu, kijana mwingine amekwisha kumfungua mtamba aliyekuwa amefungwa kwenye mpera, na anakuja mbio na kamba yake mkononi. Kamba yenyewe ni nene, na ukiitazama haina neno. Ikiwa imemzuia ng'ombe mwaka mzima, itashindwa kumbeba mvulana wa kidato cha tatu?

Msomaji, hapo ungefanyaje?

Wengi wetu tungesema, "Shuka pole pole." Naye angeshuka, na pengine angerudi na ndoo yake na watu wakacheka. Lakini ukiwauliza watu ambao kazi yao ni kuning'inia kwenye kamba, yaani wazimamoto, watakujibu bila kusita kwamba kijana huyo asishuke. Na hata kama ingebidi mtu ashuke, asishushwe kwa kamba ile. Leo tutazame kwa nini wanasema hivyo, na ni mambo gani ya kazi yao ambayo wewe na jamaa yako mnaweza kuyaiga nyumbani.

KAMBA MBILI, KAZI MBILI

Wazimamoto hawaendi na maji na ngazi pekee. Kamba ni chombo chao cha kila siku. Huitumia kuvutia mpira wa maji hadi ghorofa za juu, kupandishia shoka na taa, na kuzuia ngazi isiteleze. Ndani ya jengo lililojaa moshi, ambamo mtu haoni hata kiganja chake, kamba humwongoza kurudi mlangoni. Na siku nyingine humbeba mtu mwenyewe, iwe ni kumteremsha kutoka dirishani au kumtoa shimoni.

Sasa jambo la kwanza wanalofunzwa ni hili: kamba inayobeba mtu haibebi kitu kingine chochote. Kamba ya kuvutia vyombo ni yake, na kamba ya uhai ni yake. Aghalabu huwa na rangi tofauti ili mtu asije akazichanganya usiku au katika harakati za moto. Kamba ya uhai haifungi mzigo kwenye gari, haivuti gari lililokwama matopeni, wala haianikiwi nguo.

Hiyo si kanuni ya maringo. Kamba haina mdomo wa kusema yaliyoipata. Ile ya mtamba wetu imekuwa ikisuguana na gome la mpera mahali pale pale kila siku. Imelala kwenye mkojo na samadi, imeanikwa juani, imenyeshewa, na imedondokewa na dawa ya kupe. Kila mara mnyama aliposhtuka na kuivuta kwa ghafla, nyuzi kadhaa zilikatika ndani kwa ndani. Wahenga walinena kwamba kamba hukatika pabovu. Urefu wote uliobaki ukiwa mzima, lile pabovu moja latosha.

KATANI, MANILA NA NAILONI

Ni vyema pia kujua kamba yako imetengenezwa kwa nini, kwa maana kila aina ina tabia yake.

Kamba ya katani tunaifahamu sote. Mkonge tunaoupanda mipakani mwa mashamba si mmea wa asili ya huku. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoiagiza kutoka Florida, Marekani, ilikuwa kama 1,000, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalikuja mashamba makubwa ya Tanga, na baadaye mkonge ukaenea Afrika Mashariki. Katani ni nzuri kwa kazi za shamba, lakini huoza ikikaa na unyevu, na mara nyingi huanza kuoza kutoka ndani.

Kamba ya manila asilia hutokana na abaka, mmea wa ukoo wa mgomba unaokuzwa nchini Ufilipino, na jina lake latokana na mji mkuu wa nchi hiyo. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa kamba ya mabaharia na ya wazimamoto duniani. Tahadhari lakini: siku hizi ukienda dukani na kuitisha kamba ya manila, huenda ukapewa kamba ya plastiki ya buluu au ya manjano.

Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani na mwanakemia Wallace Carothers. Haiozi, ina nguvu nyingi, na hunyumbuka kidogo inapovutwa ghafla, hivyo hupunguza mshtuko. Kwa sababu hiyo imechukua nafasi ya manila katika kamba nyingi za uokoaji. Adui zake ni joto, kingo kali na asidi, kama ile ya betri ya gari. Nailoni huyeyuka kwenye joto la nyuzi 220 hadi 260 hivi, na chumba kinachowaka kinaweza kupita nyuzi 500 karibu na dari.

Ile ya plastiki ya bei nafuu, ambayo kitaalamu ni polipropilini, huelea majini na haiozi. Lakini huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi 165 hivi, na jua huiharibu. Ukiiona imefifia rangi na inamwaga unga mkononi, ujue imekwisha. Kwa kuteka maji inafaa, mradi ibadilishwe kwa wakati. Kwa kumbeba mtu, haifai.

FUNZO LA NEW YORK

Ipo siku moja ambayo ilibadilisha jinsi dunia inavyoitazama kamba ya uokoaji. Tarehe 27 Juni, 1980, nyumba iliwaka moto katika mtaa wa Harlem, mjini New York. Mzimamoto Gerard Frisby alizingirwa na moto akabaki dirishani bila njia. Mwenzake, Lawrence Fitzpatrick, alijitolea kuteremshwa kwa kamba kutoka juu ya paa ili amchukue. Alimfikia. Lakini uzito wa watu wawili ulipoiangukia kamba, ilikatika. Wote wawili walianguka na kufa.

Hawakuwa watu wasiojua kazi, na kikosi chao ni miongoni mwa vikosi vikubwa kabisa duniani. Kilichowaangusha ni kamba. Baada ya msiba huo wataalamu wa Marekani waliandika kanuni maalumu kuhusu kamba za uhai, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 1985. Walichukua mzimamoto na mavazi yake na vyombo vyake kuwa ratili 300, yaani kilo 136 hivi, kisha wakasema kamba iweze kuhimili mara 15 ya uzito huo. Hizo ni ratili 4,500, zaidi kidogo ya kilo 2,000. Kwa watu wawili, kiasi hicho kilizidishwa maradufu. Mwanzoni kanuni ilikuwa kali hata ikataka kamba iliyokwisha kumbeba mtu katika moto isitumike tena kwa kazi hiyo.

Utauliza, kwa nini mara 15, na mtu ni yule yule mmoja? Jibu ni kwamba nguvu iliyoandikwa dukani ni ya kamba mpya, iliyonyooka, isiyo na fundo. Ukiifunga fundo, unapoteza kati ya robo na nusu ya nguvu hiyo, kutegemea fundo lenyewe. Ikipita juu ya ukingo wa saruji, unapoteza tena. Ikilowa, nailoni hupungua nguvu kidogo. Na mtu akiteleza akaanguka hata mita moja kabla kamba haijakaza, uzito unaoipata ni mara kadhaa ya uzito wake wa kawaida. Ukijumlisha hayo yote, utaona kwamba kile kinachoonekana kuwa ziada si ziada hata kidogo.

MACHO NA VIDOLE

Mzimamoto huikagua kamba kabla ya kuitumia na baada ya kuitumia. Hata isipotumika, hukaguliwa mara kwa mara. Si kazi ngumu, na mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya kwa kamba ya kisima cha nyumbani. Fuata hatua hizi.

Kwanza, mwenzako ashike ncha moja na kuivuta kidogo. Wewe ipitishe yote mkononi, shubiri kwa shubiri, bila kuruka mahali. Macho yatafute palipokatika, palipofifia rangi, palipong'aa kama kioo kwa kuunguzwa na msuguano, au palipo na doa la mafuta au dawa. Vidole vitafute palipovimba, palipolegea, au palipokauka na kuwa pagumu. Vidole mara nyingi hugundua kile ambacho macho yamekikosa.

Pili, kama ni kamba ya kusokotwa, ifungue kidogo misokoto yake hapa na pale uchungulie ndani. Ukiona unga au nyuzi zilizokatika, au ukisikia harufu ya uvundo, imeoza. Nje inaweza kuwa safi na ndani ni vumbi.

Tatu, kama ni ile yenye gamba lililofumwa na moyo wa nyuzi ndani, ambayo ndiyo hupendwa na waokoaji siku hizi, ikunje kidogo kidogo ipate umbo la upinde. Upinde ukiwa laini mahali pote, vyema. Ukivunjika ghafla mahali fulani kama kiwiko, moyo wa pale umeharibika. Na ukiuona moyo wenyewe unachungulia nje ya gamba, maisha ya kamba hiyo yamekwisha.

Nne, andika. Kila kamba ya uhai ina kadi yake: ilinunuliwa lini, ilitumika lini, ilibeba nini, nani aliikagua na aliona nini. Kamba isiyojulikana historia yake haibebi mtu, hata ikiwa mpya machoni. Viwanda vingi husema kwamba kamba ya nailoni isipite miaka 10, hata kama imelala tu ndani ya mfuko.

Na kamba ikishindwa mtihani je? Wazimamoto huikata vipande vifupi papo hapo. Ukiiacha nzima, kesho kutwa mtu ataiokota na kuiamini.

MAFUNDO MANNE YA KUJUA

Kamba nzuri yenye fundo baya ni sawa na kamba mbovu. Chukua uzi wa kiatu ujizoeze na watoto wako jioni hii.

Fundo la nane ndilo tegemeo la waokoaji. Kunja kamba iwe maradufu. Kichwa cha mkunjo kipitishe juu ya kamba zake, kizungushe kwa nyuma, kisha kichomeke kwenye tundu kutoka mbele. Likitokea vizuri utaona umbo la tarakimu 8, na juu yake kitanzi kisichokaza. Uzuri wake ni kwamba hulipunguzii kamba nguvu nyingi kama mafundo mengine, na likikosewa kosa huonekana upesi.

Fundo la pili hufundishwa na skauti kwa hadithi. Fanya tundu dogo kwenye kamba: hilo ni shimo. Kamba inayosimama juu yake ni mti. Sungura, yaani ncha, hutoka shimoni, huzunguka nyuma ya mti, kisha hurudi shimoni. Unapata kitanzi kisichomkaba mtu hata akivutwa vipi, na ambacho hufunguka kwa urahisi baadaye. Ubaya wake ni kwamba kikiwa hakina uzito kinaweza kulegea. Kwa hiyo acha ncha ndefu na uifunge tena pembeni.

La tatu ni lile la kigingi, ambalo kila mchungaji wa Lugulu analijua hata kama halipi jina. Unazungusha kamba kwenye mti, unaivusha juu yake yenyewe, unazungusha tena, kisha unachomeka ncha chini ya mzunguko wa pili. Linafaa kwa kupandisha shoka au mpira wa maji. Lakini mti ukizunguka au ng'ombe akihangaika, huteleza. Usilitegemee peke yake kwa uhai wa mtu.

La nne nalitaja ili ulikwepe. Ni lile fundo bapa tunalolitumia kufunga vifurushi: kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia. Watu huliamini sana na kulitumia kuunganisha kamba mbili fupi ziwe ndefu. Clifford Ashley, Mmarekani aliyechapisha kitabu kikubwa cha mafundo mwaka 1944, aliwaonya wasomaji wake vikali dhidi ya kulitumia hivyo, akisema limeua watu wengi mno. Likivutwa upande mmoja hugeuka na kuchomoka. Kwa kifurushi, sawa. Kwa mtu, hata kidogo.

Na usisahau kwamba kitanzi cha kukaza, kama kile cha mtego, hakivishwi binadamu kamwe. Kadiri anavyovutwa ndivyo kinavyombana kifua asipumue.

MALAZI YA KAMBA

Kamba hutunzwa kama nguo ya thamani. Usiikanyage, kwa maana mchanga huingia kati ya nyuzi na kuzikata kama wembe kila inapovutwa. Ikichafuka, ioshe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha nguo. Ianike kivulini, si juani, na usiikaushe karibu na moto. Ikikauka, itie ndani ya mfuko na uitundike ukutani, mbali na panya, mafuta ya taa, petroli, mbolea na betri. Usiihifadhi ikiwa na mafundo. Na unapoitumia, mahali inapopita juu ya ukingo wa kisima au wa ukuta weka gunia au kipande cha mpira.

TURUDI KISIMANI

Sasa turudi kwa mpwa wako, ambaye bado amesimama ukingoni bila viatu. Hata tukimpatia kamba bora kuliko zote, hapaswi kushuka, kwa sababu kisima kina hatari nyingine isiyoonekana. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Chini ya shimo lililofunikwa, kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, inaweza kutuama na kuifukuza oksijeni. Mtu huzimia kabla hajajua kuna shida. Kama kuna pampu ya petroli iliyokuwa ikinguruma humo, moshi wake nao una sumu isiyo na rangi wala harufu. Wapo wanaoteremsha mshumaa kupima hewa, lakini mshumaa unaweza kuendelea kuwaka penye sumu, na penye gesi ya kuwaka unaweza kuleta mlipuko.

Ndiyo maana katika misiba ya visima na vyoo vya shimo mara nyingi hafi mtu mmoja. Wa kwanza huzimia, ndugu yake hushuka kumwokoa, naye huzimia, na wa tatu huwafuata. Wote walikuwa na mapenzi makubwa. Mzimamoto hushuka akiwa na chombo cha kupumulia, mikanda ya mwili mzima, kamba mbili, na wenzake juu. Huzungumza nao kwa kuvuta kamba. Katika vikosi vya Marekani, kwa mfano, mvuto mmoja humaanisha niko salama, miwili nilegezeeni, mitatu vuteni iliyolegea, na minne nisaidieni.

Kwa hiyo ndoo iopoeni kwa kulabu ya chuma iliyofungwa kwenye kamba, mkiwa mmesimama nje. Isipopatikana, nunueni nyingine.

Akianguka mtu, piga simu 999 au 112 mara moja. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti, kwa hiyo ihifadhi simuni nambari ya kikosi cha kaunti yenu kabla ya siku ya shida. Gari litatoka mbali, hilo tunalijua. Mnapongoja, zungumzeni na aliyeanguka. Kama ana fahamu, mteremshieni kitanzi kisichokaza akipitishe chini ya makwapa, na ncha ya juu ifungwe kwenye mti imara, ili asizame akichoka. Zuieni watu wasisongamane ukingoni. Na yeyote atakayetaka kushuka, mshikeni, hata akilia.

Kabla ya likizo ijayo, nunua kamba mbili. Moja iwe ya kazi za shamba. Ya pili iwe nailoni nzuri ya rangi tofauti, ndani ya mfuko wake, na kadi iliyoandikwa tarehe. Itundike mahali kukhu anapoweza kuielekeza kwa kidole, na uwaambie watoto mbele ya kila mtu kwamba hiyo haiguswi, hata ndama akitoroka. Kisha ifunge bawaba kwenye kifuniko cha kisima. Mungu akijalia, kamba hiyo itazeeka mfukoni bila kufanya kazi yoyote, na hapo itakuwa imekulipa gharama yako yote.